Suruali Niliyoikata Nikiwa Nimeivaa

Wanaosema mambo haya hutokea usiku wa manane tu, waje kijijini kwetu Miteja niwaonyeshe mahali. Yangu yalinikuta alasiri, jua linawaka, kuku wanachakura uani. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Anayedhani natunga aniguse kwanza mguu wa kulia, kisha tuzungumze.

Mimi ni dereva wa bodaboda, naishi na shangazi yangu, Bi Somoe. Nilikuwa na jinzi moja ya mtumba niliyoipenda mno, ikapasuka goti siku nilipoteleza na pikipiki. Vijana tulikuwa na mpango wa kwenda kuogelea baharini kule Masoko siku ya pili ya sikukuu, nikasema basi, nitaikata nipate pensi. Kazi yenyewe rahisi: unaweka alama kwa kipande cha sabuni, unakata chini kidogo ya alama, unaifua, nyuzi zinajitokeza zenyewe. Umependeza bure.

Nikaivaa pale sebuleni nipime urefu. Kuivua tena nikaona uvivu, maana ilikuwa inabana na kifungo chake kigumu. Nikainama, nikaanza kuikata hukohuko mguuni.

Shangazi alikuwa anatoka kwenda shambani kuamia mpunga usiliwe na ndege. Aliponiona akasimama.

"Vua kwanza, wewe! Nguo haikatwi mwilini. Anayekatiwa nguo mwilini ni maiti, kwa sababu hawezi kujivua."

"Shangazi nawe! Hii jinzi, si sanda."

Hakucheka. Aliondoka akinung'unika, Mungu apishe mbali, na mimi nikaendelea na mkasi wangu.

Kipande cha mguu wa kulia kilipodondoka, nikasikia baridi kuanzia pale nilipokata kushuka hadi vidoleni. Nikadhani upepo. Upepo gani, na majani ya mpapai dirishani yametulia tuli? Papo hapo nikasikia hodi.

Aliyeingia alikuwa mzee nisiyemjua, na Miteja hakuna nisiyemjua, karibu wote nimewabeba. Amekunja mikono ya kanzu hadi viwikoni, ameshika ndoo ya maji, ananukia karafuu maiti. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia vizuri tu, kwa upole: "Marahaba, mwanangu." Upole ule ndio unaonitisha mpaka leo.

"Nimeitwa kuosha," akasema. "Naona umeanza mwenyewe. Umenipunguzia kazi."

"Umwoshe nani, mzee? Hapa hakuna msiba."

Alitandika mkeka wetu, akaokota kile kipande cha jinzi, akakikunja vizuri na kukiweka pembeni. Kisha akauchukua mkasi mkononi mwangu, nami nikamwachia.

"Lala tumalize na huu wa pili. Maiti hacheleweshwi."

Niamini, nililala. Sikutaka, lakini mwili ulimtii yeye, nikajikuta chali mkekani. Nilitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito. Nikasikia mkasi ukiingia chini ya pindo la mguu wa kushoto, chuma cha baridi juu ya ngozi. Nilijua kabisa kwamba ule mguu wa pili ukikatwa, siinuki tena. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mkasi ulipoanza kula kitambaa, maneno ya shangazi yakanijia. Maiti hawezi kujivua. Je, mimi? Mikono yangu ilikuwa bado inanisikiliza. Nikakishika kile kifungo, nikakivuta hadi ukucha ukang'oka, nikajinyonganyonga pale mkekani mpaka nikajichomoa ndani ya ile jinzi.

Mzee akasimamisha mkasi. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe bado," akasema.

Akanawa mikono, akabeba ndoo yake, akatoka taratibu kama alivyokuja. Mimi nilipita mlango wa nyuma na chupi tu, nikakimbia hadi kwenye mpunga mbele ya wake za watu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Shangazi hakucheka. Alinishika mguu, akaanza kulia.

Jinzi tuliizika siku ileile. Mguu wa kulia ni baridi mpaka leo, kuanzia goti kwenda chini. Hospitali walipima wakasema damu inapita vizuri. Nashinda juani na pikipiki, wapi! Haupati joto. Na kila alfajiri shangazi huingia chumbani kunigusa mguu wa kushoto. Akiukuta una joto, anashusha pumzi, anakwenda kusali. Nami hujifanya nimelala, asijue kwamba huwa nimeamka zamani, nasubiri kuisikia pumzi hiyo.

Wewe unayesoma, kata jinzi zako upendavyo, siwezi kukukataza pensi. Ila vua kwanza. Inabana, una haraka, kifungo kigumu: vua. Mzee yule hakupotea njia. Aliitwa, na aliyemwita ni mimi.