Kagendo wa Pili

Enzi zetu pale Kanyakine, picha haikupigwa kwa mzaha. Mpiga picha alikuja Krismasi na baiskeli yake, na siku hiyo hata mbwa alioshwa. Tulipakwa mafuta ya kupikia miguuni tukang'aa. Viatu tuliazimana: aliyekwisha kupigwa anavua, anayefuata anavaa, ukubwa wa mguu si hoja. Kisha ungoje. Picha zilifika Pasaka ikiwa imeshapita, na ukikuta ulifumba macho, basi mwaka huo wote umefumba macho. Siku hizi kijana anapiga chipsi picha mpaka zinapoa.

Picha zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, lakini hazina ya mama ilikuwa mbegu. Mahindi bora aliyaning'iniza juu ya meko, moshi uyafukize wadudu wasiyaguse. Maharagwe aliyachanganya na jivu akayatia debeni. Na fungu la tatu, hata tulale njaa, lilipelekwa kwa mdogo wake, kijiji cha Ruiri. Tulinung'unika sana, maana wabebaji tulikuwa sisi. Yeye alijibu, "Mbegu ya nyumba moja ni ya panya." Mwaka ule jikoni kulipoungua, mahindi ya mbegu yaligeuka bisi tukayala tukilia. Mvua iliponyesha tulipanda kama majirani wote, kwa mbegu iliyorudi kutoka Ruiri.

Mama alipotutoka, nilikusanya picha zetu zote na video za simu, nikaziweka kwenye mashine ndogo ya kuhifadhi, ikakaa sebuleni kando ya redio. Vijana wa ukoo walinicheka. "Anti, si uziweke tu online?" Niliwaacha wacheke. Nikanakili kila kitu kwenye diski, nikampelekea mama mdogo Ruiri. Aliigeuzageuza, akaifunga kwa leso, akaiweka ndani ya debe lake la mbegu. Akaniuliza, "Hii nayo inataka jivu?"

Sasa, kaka yangu Murithi ana binti, na kwa desturi yetu alimpa jina la mama yetu, Kagendo. Mtoto alizaliwa mama akiwa ameshazikwa. Murithi humwita "mama" hata anapomkaripia. Nilipopanga picha, kila mtu na fungu lake, ile mashine ilikataa majina mawili yanayofanana, kwa hiyo mtoto akawa "Kagendo" na mama akawa "Kagendo 2". Mashine ikajaa, Murithi akajitolea kuisafisha. Alipoona Kagendo wawili alidhani ni kitu kimoja kimejirudia, akafuta wa pili.

Humo ndimo ilimokuwa video pekee tuliyo nayo ya mama akiongea, na simu iliyoirekodi ilikufa zamani. Murithi alikuwa amemwahidi binti yake kwamba Jumapili atamsikia mwenye jina lake. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa. "Nimemfuta mama," akasema. Halafu nikakumbuka lile debe.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa Ruiri sote na kompyuta yangu. Mama mdogo aliingiza mkono kwenye maharagwe mpaka kiwiko, akaitoa diski, akaipangusa kwa leso. Nikaichomeka. Mama akatokea, ungo magotini, anapukuchua maharagwe. "Zima hicho kitu uje usaidie kazi," akasema, na Murithi akacheka huku machozi yanamtoka. Nilijisikia kama niliyeshinda kesi. Wale vijana wa kunicheka wakaanza kuomba nao wanakiliwe.

"Huyo ni nani?" mtoto akauliza.

"Kagendo."

"Kagendo ni mimi."

"Ndiyo," Murithi akamwambia. "Na yeye pia."

Enzi zetu tulikuwa na picha chache na tulimjua kila mtu aliyemo. Leo tunazo za kujaza ghala, na panya ni kidole chetu wenyewe. Natamani mama angeona mashine hii, ingawa najua angeniuliza kwa nini iko peke yake. Kila msimu wa kupanda tunanakili upya, na diski inapelekwa Ruiri. Anayeibeba ni Kagendo, na hunung'unika njia nzima.