Aliyechoka Aseme

Kilichonishtua siku ile si breki, wala si kelele za abiria. Ni ukimya. Elisante alikuwa anaendesha, mimi kondakta wake nimesimama mlangoni, basi linapanda kona za kwenda Mamba, asubuhi jua limeshatoka, na mdomo wake ukanyamaza. Alikuwa na desturi hiyo: akishika usukani ananguruma kwa mdomo, polepole, kama mtu anayeisaidia injini kupanda. Abiria wageni walikuwa wanacheka. Sisi tuliokua naye tulijua ule mlio umetoka wapi. Sasa injini inanguruma na yeye hangurumi. Nikageuka, nikamkuta kidevu kimelala kifuani. Kushoto kwetu hakukuwa na kitu, ni bonde, na chini kabisa nyika ya Kisiwani imetandazwa kama mkeka.

Nikaita jina lake. Akafumbua macho, na sijawahi kuona mtu anaamua haraka namna ile. Alivuta usukani kulia, kwenye mlima, upande aliokaa yeye mwenyewe. Mwamba ukaingia pale pale alipokuwa. Sisi wengine tulitoka, huyu mkono umevunjika, yule meno yamekwenda, mimi na mguu huu ambao siku hizi unajua mvua inakuja kabla ya mawingu. Elisante hakutoka.

Nimelitanguliza hilo ili nisije nikalikwepa. Nimekaa kuandika habari za utoto, na za utoto wetu ni za kushukuru. Shule nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutafuta makosa ya uandishi atayapata ya kumtosha.

Enzi zetu, wa rika langu mtanishuhudia, gari lilikuwa halinunuliwi, linatengenezwa. Waya ulitoka kwenye uzio wa bwana shamba, na mkataji alikuwa Elisante. Namtaja bila hofu, maana bwana shamba alihama akiamini ni mbuzi. Magurudumu yalitoka kwenye soli za kandambili. Kandambili za mama yake Namkunda zilikatwa na Namkunda mwenyewe, msichana peke yake katika timu yetu, ambaye leo ni mke wa mzee wa kanisa na najua atakana. Taa ni vizibo vya soda. Usukani ni duara la waya juu ya fimbo ndefu, unaendesha umesimama wima huku unakimbia. Na injini ilikuwa mdomo wako.

Siku ya gulio la Myamba ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Jumamosi hapana, ile ni Sabato, na gari la waya likionekana uani siku ya Sabato lilikuwa linaishia jikoni chini ya chungu cha makande. Tulikuwa tunaanzia juu shuleni, tunashuka mpaka gulioni, tunawazunguka kina mama wauza ndizi, tunapanda tena. Timu moja, gari moja, watu watatu, na kila mmoja na kipande chake cha njia. Namkunda alichukua kule juu kwenye ukungu, maana alikuwa haogopi. Mimi nilichukua mashamba ya tangawizi, penye mifereji ya kuruka. Elisante alichukua mlima wa kurudi, mguu wake ulikuwa mgumu kama mpini. Tairi likichomoka unalirudisha njiani. Waya ukipinda unaunyoosha kwa meno. Kushinda hakukuwa kwa mwenye mbio. Kushinda kulikuwa kwa gari litakalofika zima.

Sheria kubwa ilikuwa moja: injini isizime. Mdomo ukinyamaza, gari limekufa, mnarudi mlipopokezana mara ya mwisho. Kwa hiyo hata kupokezana kulikuwa na utaratibu wake. Ukiona umechoka unapaza sauti, "Nipokee." Mwenzako anakuja mbio ubavuni kwako na kuanza kunguruma kabla wewe hujanyamaza. Kwa hatua kadhaa mnanguruma wawili, mikono minne kwenye usukani mmoja, mate yanaruka, kisha wewe unaachia. Wakubwa waliokuwa wanapita na mizigo yao walidhani tuna wazimu. "Shikamoo" yetu ilikuwa inatoka katikati ya mngurumo, na "marahaba" ilikuwa inatufuata mgongoni tumeshafika kona nyingine.

Utaratibu ule hatukuuvumbua sisi. Tulipokezana pale kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mifereji, na pale wakubwa wetu walikuwa wanaishi kwa zamu. Leo maji ya ukoo huu, kesho ya ukoo ule, na mtu hafungi mfereji wake mpaka amwone anayefuata ameshika jembe. Kuchota nako kulikuwa vivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa anatutuma watatu kwa mtungi mmoja mkubwa, tunabadilishana vichwa njia nzima, na kabla hatujatoka uani anatukumbusha, "Aliyechoka aseme. Anayenyamaza ndiye anayevunja mtungi." Aliyesema amechoka hakuchekwa katika nyumba ile. Aliyevunja alilala njaa, na mimi nimeshalala.

Timu ya kitongoji cha ng'ambo ilikuwa ya Kaleb. Baba yake alikuwa na duka, kwa hiyo gari lao lilikuwa la waya mpya unaometa, na magurudumu ya mpira wa kweli. Kaleb mwenyewe alikuwa haendeshi. Alikuwa anatembea nyuma na fimbo, gari ni lake. Dereva wake alikuwa Zefania, mtoto mwenye mapafu kama mvukuto wa mhunzi, na Kaleb alipoona Zefania anawashinda wenzake wote mbio, akaamua hakuna haja ya kupokezana. Wale wengine wawili akawaambia wakae.

Siku hiyo walituacha mbali. Kushuka kote tulikuwa tunaona vumbi lao tu. Wakati wa kupanda, Elisante yuko kwenye usukani, tukawakuta kwenye kona ya mashine ya kusaga. Zefania alikuwa ameanza kuyumba. Tulimsikia anasema, "Nipokeeni," na wale wenzake wawili, waliokuwa wamekaa hapo pembeni, wakainuka. Kaleb akawazuia na fimbo.

"Umechoka na nini? Gari la waya hili," alisema. "Panda. Hutaki, kesho gari nampa mwingine."

Zefania akapanda. Alifika juu kidogo ya mashine, akaanguka kifudifudi juu ya gari, mdomo una povu. Elisante alikuwa anaongoza sasa, njia nyeupe mbele yake, na akafanya jambo ambalo Namkunda hakumsamehe mwezi mzima. Alisimama. Aliegesha gari letu kwenye majani, huku ananguruma, akainama akamnyanyua Zefania, bado ananguruma, akamburuta mpaka kwa bibi yangu. Bibi alimpa chai ya tangawizi kali kiasi kwamba machozi yalimtoka akiwa bado hajapata fahamu vizuri. Kisha bibi akamwangalia Elisante, akamwambia, "Wewe sasa zima hiyo injini, unanipigia kelele." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kaleb alikuwa nje, anaokota magurudumu yake.

Nani alishinda siku ile sikumbuki. Nakumbuka ukungu unashuka, moshi wa jikoni, ladha ya waya mdomoni, na bibi akitupakulia makande kwenye sinia moja bila kuuliza nani wa timu gani. Nilikuwa tajiri na sikujua.

Sasa njooni leo. Binti yangu Naomi anaishi Same mjini, ana kibanda cha kuchapisha na kutoa kopi. Mwaka huu nilishuka kumtembelea, nikakuta amefunga usukani wa plastiki kwenye meza ya cherehani ya marehemu mama yake, pedali ziko chini, kioo mbele, kispika cha kusema na kusikia pembeni. Mashindano ya magari ya kwenye kompyuta. Nikasema moyoni, haya, mwanangu amerukwa na akili. Anatoka jasho na feni inampepea. Gari linakimbia na halina hata vumbi. Akimaliza analalamika mgongo, na alikuwa amekaa. Sisi tulishuka Myamba peku na tukarudi kuchota maji.

"Baba, haya si ya mbio fupi," akaniambia. "Haya ni ya kutwa. Gari moja, sisi watatu. Mmoja yuko Moshi, mwingine Tanga. Tunapokezana."

"Mnapokezana vipi na mko wilaya tofauti?"

"Kaa uone."

Nikakaa. Mwanzo niliona magari yanazunguka tu kama ng'ombe wanaopura mpunga. Kisha nikaanza kuona. Hakuwa anamfukuza mtu. Aliachia magari ya mbele yaende, anatunza tairi, anatunza mafuta, anamwambia mwenzake, "Kona ya pili inateleza, ukija uingie taratibu." Nikamuuliza kinachompendeza ni nini, maana kushinda hashindi.

"Mashindano mengine ukishinda ni wewe, ukianguka ni wewe," alisema, macho yakiwa kwenye kioo. "Hapa gari unalolishika kuna mtu amelitunza ili ulikute zima. Na wewe kuna mtu anakungoja. Huwezi kulala, Baba, hata kama uko wa mwisho."

Mchana ukasogea. Nikamwona anapangusa macho. Halafu nikasikia anasema kwenye kile kispika, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Jamani nimechoka. Nipokeeni."

Sauti ya kijana wa Tanga ikajibu papo hapo, "Poa dada, ingiza ndani. Nimeshakaa kwenye kiti."

Basi. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemtishia. Akaingiza gari kwenye kituo, yule wa Tanga akaondoka nalo, na mwanangu akanyoosha vidole, akaenda kunywa maji. Aliporudi alinikuta nimefunika uso kwa kofia. Akauliza, "Baba, mguu?" Nikamwambia ndiyo, ni mguu.

Hapo ndipo niliposhukuru, na nashukuru mpaka sasa. Nilidhani tumezika kila kitu chetu, ndiva zimejaa tope, gari la waya hakuna mtoto anayelijua. Kumbe lile neno halikufa. Limeingia kwenye waya mwingine, limefika Tanga na Moshi, na watoto hawa ninaowasimanga kwa kuamka saa nne wanalitii kuliko sisi wakubwa. Namshukuru bibi aliyelisema kwanza. Namshukuru Namkunda na kandambili za mama yake. Namshukuru Elisante kwa miaka yote hii ninayotembea, hata kama natembea upande upande. Enzi zetu tulikuwa na njaa na tulikuwa na wa kutupokea. Siku hizi watu wana mabasi.

Maana lile basi lilikuwa la Kaleb. Kaleb yule yule. Alirithi duka akanunua magari, na Elisante akawa dereva wake, mmoja tu bila wa kumpokea, wa kwenda Dar na kurudi. Siku ile tulikuwa tumetoka Dar bila kupumzika. Tulipofika stendi ya Same, Elisante alishuka, akanawa uso kwenye ndoo ya mama muuza chai, akapiga simu. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, na simu yake ilikuwa ya kupaza sauti, mama muuza chai naye alisikia.

"Mzee, nimechoka," alisema. "Huku juu ni kona. Nitafutie mtu anipokee, hata wa kupandisha tu."

"Umechoka na nini? Umekaa," Kaleb akajibu. "Pandisha gari. Hutaki, acha funguo hapo stendi, wanaoitaka kazi wamejaa."

Elisante ana watoto. Akapanda. Akaanza kunguruma.

Msibani, Kaleb alisimama mbele ya watu akasema dereva alikuwa amelewa. Elisante, ambaye hata dengelua, pombe yetu ya miwa, harusini alikuwa anaipisha. Mama yake mpaka leo anakaa benchi la mwisho kanisani, ili wale waliovunjika mikono wasilazimike kumsalimia. Nilisema nilichosikia, nikaambiwa nimegonga kichwa. Ndiyo, niligonga kichwa. Masikio yalibaki.

Kwa hiyo Kaleb, nakuita kwa jina, na ninyi wa rika letu mliokuwa pale kwenye mashine ya kusaga mnisaidie kumwita. Ulimwona Zefania akianguka. Ulikuwa na fimbo mkononi na wapokeaji wawili wameshainuka. Watoto wa waya walijua, bibi yangu asiyejua kusoma alijua, binti yangu na wenzake ambao hawajawahi hata kuonana uso kwa uso wanajua. Elisante hakuvunja mtungi kwa kunyamaza. Alisema amechoka, na uliyeambiwa ni wewe. Sabato ijayo mama yake atakuwa benchi lile lile la mwisho. Ingia mlango wa mbele, simama pale pale uliposimama siku ya msiba, umjibu mbele ya watu wale wale: mwanawe alipoomba apokewe, wewe ulimjibu nini?