Vifaranga Wasio na Mkia

Mama alipofariki, nilitaka kitu kimoja tu katika vyote alivyoacha: mbegu ya kuku wake. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na mtaani kwetu Sengerema ukimwona kishingo wa kijivu amepotea ulijua pa kumrudisha. Jogoo alichinjwa msibani. Tetea alikuwa anaatamia, basi dada yangu, aliyekaa na mama mpaka mwisho, akasema tusubiri atotoe, tugawane vifaranga. Vitenge, masufuria na mashine ya kushonea nilimwachia bila neno.

Mimi nimepanga mjini, Buzuruga, kwenye nyumba yenye ua mdogo nyuma. Banda nililitengeneza kabla hata ya kuwaona hao vifaranga. Kila nilipokumbuka kwamba ipo siku nitaokota yai la kuku wa mama nyumbani kwangu, msiba ulipungua uzito.

Nilipokwenda kuchukua fungu langu, wale vifaranga walikuwa na umri wa mwezi na kitu, wamebaki wanane. Mama yao alishabebwa na kicheche.

“Chagua wewe kwanza, mdogo wangu,” dada alisema. “Ila uchague kwa akili. Ukibeba majogoo matupu usije ukanilaumu.”

“Sasa nitajuaje, dada? Mimi naona wote wako sawa.”

Kweli sikujua. Miaka ambayo mama alikuwa akimfundisha yeye kufuga, mimi nilikuwa bwenini. Akacheka, akamkamata mmoja na kumgeuza.

“Unaona mkia unavyochomoza? Huyu ni jogoo. Jogoo unamjua kwa mkia tangu mdogo. Tetea anachelewa, anabaki na kitako wazi kama yule pale.”

Iliniingia akilini, maana nani asiyejua mkia wa jogoo? Nikawakamata wanne wasio na mkia, mmoja mmoja, kwa mikono yangu. Walikuwa na miguu minene, na mmoja upanga wake wa kichwani ulishaanza wekundu. Nikamuuliza dada.

“Kishingo ndivyo walivyo, damu iko juu,” alinijibu, huku akinifungia boksi kwa kamba.

Niliwalea kama wagonjwa. Pumba, mchicha, vumbi la dagaa nililolifuata mwenyewe mwaloni, kwa wavuvi. Asubuhi moja mkubwa wao akapanda juu ya ndoo, akanyoosha ile shingo yake tupu, akajaribu kuwika. Sauti ikakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Nilicheka peke yangu: haya, mmoja kaponyoka. Wiki iliyofuata akawika wa pili, kisha wa tatu. Wa nne nilikuwa namwangalia kila siku na kumsihi, “Wewe usiniangushe.” Naye akaniangusha.

Mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa Bukoba, kuku amefuga maisha yake yote. Alikuwa anafua pale uani, akaniuliza niliwachaguaje hao. Nikamweleza habari ya mkia. Akaacha kufua.

“Nani alikwambia hivyo? Ni kinyume chake, mwanangu. Tetea ndiye anayetangulia kuota mkia. Jogoo anakaa uchi wiki na wiki.”

“Labda dada alikosea.”

“Amefuga muda gani?”

“Tangu mtoto.”

Akarudi kwenye beseni lake.

Niliumia, sitaficha. Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Angesema tu, “Mimi ndiye niliyemuuguza mama, kuku ni wangu,” ningempa wote wanane na boksi juu. Lakini aliniacha nijiibie mwenyewe, akanishikia na kamba. Majogoo wawili niliwachinja kwa hasira.

Kisha dada akapiga simu. Sauti tamu.

“Mdogo wangu, hawa matetea wameanza kutaga. Majogoo wa majirani wote wana manyoya shingoni, mbegu ya mama itapotea. Niletee jogoo mmoja, wewe si unao?”

Alijuaje kwamba ninao? Sikuwahi kumwambia.

Siku mbili nilimnyima moyoni. Ya tatu nikamfunga miguu yule mkubwa nikapanda gari. Nikimnyima, kuku wa mama wanaishia hapo, kwake na kwangu. Tukapita daraja la Busisi, jogoo mapajani, ametulia kuliko mimi.

Nilimkuta dada mlangoni. Matetea wanne wa kijivu walikuwa wanaparua miguuni pake, shingo tupu, mikia imesimama. Nikamkabidhi jogoo. Akampokea, akasimama akisubiri. Tangu nijue kusema sijawahi kukutana na dada yangu nisimwamkie shikamoo. Hata tulipokuwa tumenuniana niliitoa, japo kwa kunung’unika. Safari hii ilinikwama, nami sikuisukuma.

“Mkia wake umeota vizuri,” nilimwambia.

Aliutazama ule mkia, mrefu, mweusi, umemwangukia mkononi. Akauteremsha uso.

“Marahaba,” alisema.