Moraa alihitaji hamsini, kilima cha Gesima kikataka kumpa arobaini

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Juzi nilimwona mjukuu wangu akiingiza alama zake kwenye simu, na simu ikamjibu kwamba anahitaji sabini na moja kwenye mtihani wa mwisho ili apate gredi anayoitaka. Nilicheka mpaka akaniletea maji.

Hesabu hiyo mimi niliifanya kwa makaa kwenye ukuta wa stoo, Gesima, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyakimbilia kwa miguu yangu. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome kwanza mpaka mwisho.

Shule niliacha darasa la nne. Karo ilikuwepo na afya nilikuwa nayo, ila kukaa sehemu moja ndiko kulikonishinda. Nikapakia ndizi Kiogoro, nikafagia duka la fundi wa nguo Kisii mjini, nikachoka. Mwishowe nikaangukia Gesima kupanda miche ya chai kwa mtu aliyeitwa Mzee Nyakundi. Wakati huo kila mwenye kipande cha shamba alikuwa anataka chai, na mikono haikutosha.

Mzee Nyakundi alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato pale bondeni, na ndiye aliyekuwa na kazi ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa.

Kila Ijumaa jioni alisimama mlangoni mwa kanisa akitazama jua. Likiingia nyuma ya kilima, anaigonga kwa nyundo, Sabato imeanza. Jembe chini, kuni chini. Mwanamke aliyekuwa anafua analiacha shati na povu lake. Jumamosi jioni anatazama tena, jua likienda anagonga, na hapo ndipo watu wanawasha moto na kupika.

Saa ya mkononi hakuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumuuliza saa ngapi.

Sasa, mzee alikuwa na binti, Moraa. Alikuwa anafundisha darasa la kwanza bila cheti. Walimu wa namna hiyo waliambiwa wafanye kozi ya mwaka mzima, wakati wa likizo. Ukifikisha sitini kwa jumla, unapewa cheti. Usipofikisha, darasa lako anapewa mtu mwingine. Moraa alilipenda darasa lile kupita kiasi. Hata chai alikuwa akiichuma huku akiimba zile nyimbo za kuhesabu za watoto.

Kazi zake za mwaka zilimpa sabini na tano. Ukabaki mtihani mmoja wa mwisho.

"Wewe unayeuliza kila kitu," akaniambia, "hebu tafuta. Nahitaji ngapi?"

Nikachukua makaa. Sabini na tano ujumlishe kitu fulani, ugawanye kwa mbili, upate sitini. Nikapata arobaini na tano. Nikamtangazia kama mtu aliyegundua dhahabu.

Siku chache baadaye nikakutana na mkufunzi wa ile kozi sokoni, nikamweleza hesabu yangu. Mimi mdomo wangu haukai.

Akanitazama kwa huruma. "Nani amekwambia zina uzito sawa? Kazi za mwaka ni arobaini kwa mia. Mtihani ni sitini kwa mia."

Nikarudi ukutani.

Sikilizeni, wakuu, maana hapa ndipo wengi huanguka hata leo. Sabini na tano, ukichukua arobaini kwa mia yake, ni thelathini. Hizo ni zake, hakuna wa kumnyang'anya. Ili afike sitini zimebaki thelathini nyingine, nazo lazima zitoke kwenye mtihani. Mtihani ukiupata wote, mia kwa mia, unakuletea sitini. Yeye anataka thelathini tu, yaani nusu. Kwa hiyo anahitaji hamsini.

Nikampelekea habari.

"Jana arobaini na tano, leo hamsini," akasema Moraa. "Kesho nisikuone karibu na huo ukuta."

Mtihani uliwekwa Ijumaa saa nane mchana, kwenye shule iliyopakana na kanisa. Maswali kumi, kila moja alama kumi, saa tatu. Saa kumi na moja wamemaliza, jua lingali juu, hakuna wasiwasi.

Ijumaa ikaja na mvua ya kwetu, ile inayonyesha kama imetumwa. Land Rover iliyobeba karatasi za mtihani ikazama kwenye matope huko njiani. Tulienda kuisukuma, tukasukuma mpaka tukafanana nayo. Mtihani ukaanza saa kumi na nusu.

Moraa akasimama kabla ya kuandika jina. "Bwana msimamizi, kengele ikilia mimi naweka kalamu chini."

"Kengele ya nani?"

"Ya baba."

Msimamizi hakuwa mtu wa huko. Akatutazama sisi tuliokuwa dirishani, tukatikisa vichwa kukubali.

Nikapiga hesabu nyingine palepale. Kila swali lilikuwa na dakika kama kumi na nane. Jua la pale bondeni lilikuwa likiingia nyuma ya kilima mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Moraa angemaliza maswali manne. Manne yote akiyapata bila doa ni arobaini.

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa kanisa, nyundo mkononi. Mvua ilikuwa imekatika na upande wa magharibi ulikuwa mweupe kabisa.

"Baba," nikamwambia, "Moraa anahitaji hamsini. Kwa jua hili atapata arobaini."

"Unataka nimwambie Mungu asubiri hesabu yako ya makaa?"

Alikitazama kile kilima kwa muda mrefu, akakitazama tena kama mtu anayekutana nacho mara ya kwanza. Kisha akaondoka na nyundo yake, akaanza kukipanda. Nikajua nimemkasirisha, na kesho natafuta kazi kwingine.

Jua likaingia nyuma ya kilima. Bonde likapata kivuli. Kengele kimya.

Akaja Mzee Ombati. Huyu alikuwa mzee wa kanisa mwenzake, na kengele ile alikuwa ameitamani miaka mingi. "Jua limekwenda! Nyundo iko wapi?"

"Imepanda kilimani," akajibu Mama Kwamboka, jirani yetu, ambaye alikuwa anafua blanketi, nusu yake bado chafu, na hakuonyesha haraka yoyote.

Ombati akainama kuokota jiwe aigonge ile rimu.

"Yaya, hapana, mzee!" Mama Kwamboka akapiga kelele. "Si unasema Sabato imeingia? Unafanyaje kazi ya mawe?"

Ombati akaganda, mgongo umepinda. Akiokota, amevunja Sabato. Asipookota, Sabato haijatangazwa. Wanawake walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Mwishowe akalitupa jiwe, akanigeukia mimi.

"Momura! Wewe kijana! Kimbia ulete hiyo nyundo!"

Nikapanda. Nilimkuta Mzee Nyakundi juu kabisa, amesimama juu ya kichuguu, anahema kama ng'ombe wa kulima. Usoni kwake kulikuwa na mwanga wa manjano. Jua lilikuwa palepale, zima, limening'inia mbali upande wa ziwani.

"Nimetumwa nyundo, baba."

"Na nani?"

"Mzee Ombati. Anasema jua limekwenda."

"Aje aseme hivyo akiwa hapa." Hakugeuza shingo. "Miaka yote hii nimekuwa nikipigia kengele kilima. Kumbe jua liko huku." Akanivuta kando yake. "Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Simama hapa. Likiisha useme, na usinidanganye kwa ajili ya Moraa. Ukinidanganya nitajua."

Tukasimama. Wakuu, sijawahi kulitazama jua kwa adabu namna ile. Nilitaka likae, na nilikuwa naogopa kutaka. Likabaki nusu. Likabaki kama ukucha.

"Limekwisha, baba."

Akanitupia nyundo. "Kimbia! Kukimbia kweli, si kutembea!"

Nilikimbia mpaka kwenye mteremko wa chai, kutoka hapo matope yakanibeba yenyewe. Nilifika chini kwa makalio. Nikaigonga ile rimu kwa nguvu zangu zote.

Dirishani nikamwona Moraa akiweka kalamu chini. Mbele ya msimamizi taa ya karabai ilikuwa inawaka.

"Dada, una karibu saa nzima," akamwambia. "Endelea tu."

"Asante," akasema, akafunga karatasi. Alikuwa amemaliza maswali sita, la saba amelianza.

Mlidhani imeisha? Asubuhi kanisani Mzee Ombati alisimama mbele ya watu wote. Hakugombana. Alisema kwa upole uliotisha: "Ndugu zangu, kama Sabato iliingia kwa jua la kilimani, basi itoke kwa jua la kilimani. Hatuwezi kumpunja Mungu upande mmoja."

Hakuna aliyeweza kumpinga, hata Mzee Nyakundi.

Jioni ile bonde zima lilikaa kwenye kivuli na njaa, sufuria tupu, kuni zimepangwa, watu wote wanatazama juu. Watoto wanalia. Mama Kwamboka akamwambia Moraa, "Mwalimu, huo mtihani wako umetufunga matumbo." Na juu kule, peke yake, mzee wetu amesimama tena juu ya kichuguu, maana kila mtu alikataa kumsaidia kupanda. Hata mimi, nakiri, makalio yalikuwa bado yanauma.

Matokeo yalikuja baada ya miezi kadhaa. Mtihani: hamsini na nne. Jumla ikawa sitini na mbili na kidogo. Cheti kikatoka. Moraa alifundisha darasa lile mpaka watoto wa wanafunzi wake wakaletwa kwake.

Siku ile ya matokeo mzee aliniita ukutani. "Na kama ningegonga kwa kilima?"

Nikamwandikia. Arobaini ya mtihani inaleta ishirini na nne. Ongeza thelathini. Hamsini na nne, amekosa.

Akaisoma mara mbili. "Mwite Ombati umwonyeshe. Polepole, hatua kwa hatua."

Ombati alikuja, akafuata kila mstari kwa kidole. Kisha akasema, "Mwanangu wa tatu naye yuko kwenye hiyo kozi. Ana sitini na nane za mwaka. Anahitaji ngapi?"

Nikamfanyia. Hamsini na tano, kasoro kidogo.

"Na mtihani wake ni siku gani?" nikamuuliza.

"Ijumaa."

Akakitazama kile kilima, akayatazama magoti yake. Halafu akamgeukia Mzee Nyakundi, kwa heshima ambayo sikuwahi kuisikia mdomoni mwake: "Ndugu yangu, wewe njia ya huko juu umeshaizoea."

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kujiuliza unahitaji ngapi, uliza kwanza kila sehemu ina uzito gani. Wastani wa kugawanya kwa mbili umewaangusha wengi. Halafu uliza utapewa muda gani, na anayeuhesabu huo muda amesimama wapi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu aliwahi kupiga hesabu ya alama ikamwacha uchi? Na nyinyi Wasabato mliolelewa mabondeni, mtujibu bila kuzunguka: kwenu mlikuwa mnafuata jua au kilima?