Roli za Kuku Nilizompikia Baba Mkwe

Shule nilisoma miezi mitatu, na walionifukuza ni nyuki. Siyo mwalimu, nyuki. Walikuja asubuhi moja wakatua juu ya dirisha la darasa, wakaning'inia pale kama mfuko. Mwalimu wetu, mtu wa suruali fupi na hasira ndefu, akatuambia tusiwaangalie, tuendelee kuimba hesabu. Tukaimba. Nadhani nyuki hawakupenda hesabu, maana tulipofika mbili mara saba walishuka wote pamoja. Kila mtu akatoka kwa njia yake, wengine mlangoni, wengine dirishani, mwalimu mbele yetu sote. Siku ya pili wenzangu walirudi darasani. Mimi mpaka leo sijarudi.

Nilikimbilia kwa shangazi yangu, aliyekuwa akichuma kahawa katika shamba la Mzungu mmoja huko Ruiru. Uso ulikuwa umevimba hata shangazi mwenyewe akaniuliza mimi ni wa nani. Memsabu wa shamba akanipaka siki, nikanuka kachumbari wiki nzima. Nilipopona hakuna aliyekumbuka kunirudisha nyumbani. Nikapewa shoka nipasue kuni za jikoni, kutoka kuni nikaingia kwenye kuosha sufuria, na miaka ilivyokwenda nikawa mpishi kamili, na aproni nyeupe juu. Lakini sikutaka kusimulia nyuki. Nilitaka kusimulia roli.

Yule memsabu alikuwa amekaa nchi za Wachina kabla ya kuja kwetu, na huko alijifunza chakula ambacho sikuwahi kukiona. Unakanda unga na mayai. Unausukuma mwembamba, mwembamba, mpaka ukiuinua unaona vidole vyako upande wa pili. Unakata vipande vya mraba, unaweka nyama katikati, unakunja pembe kama unavyomfunga mtoto mchanga kwenye shuka, unaviringisha, unabandika ncha kwa ute wa yai, kisha unatumbukiza kwenye mafuta ya moto. Ikitoka ina rangi ya udongo wa kwetu, na ukiiuma inalia. Memsabu alikuwa akitia kabichi ndani. Mimi kabichi niliona ni mambo ya sungura. Nikatia kuku.

Na kuku wangu hakuwa wa haraka. Wale kuku wazee walioacha kutaga, memsabu alikuwa akinipa niende nao nyumbani, na kuku wa namna hiyo ukimpika kama kijana atakuvunja meno. Kwanza unamgeuza juu ya makaa mpaka ngozi ishike rangi na moshi umwingie. Halafu sufuria: nyanya nyingi, siki, sukari guru, kitunguu saumu, pilipili mbili au moja, kutegemea unampenda mgeni kiasi gani. Unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko, chini unaacha machache tu, kisha unaketi. Ukianza asubuhi watu wakienda kanisani, wakirudi nyama inaachana na mfupa yenyewe, bila kisu.

Sasa, kulikuwa na msichana. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mananasi pale Thika, na kwa sababu yake nilipanga chumba Thika hali kazi yangu iko Ruiru. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda huko. Watu waliniuliza kwa nini nisipange Ruiru, nikawaambia hewa ya Thika ni nzuri. Hii ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla Waingereza hawajatangaza Hali ya Hatari, mtu bado angeweza kutembea Jumapili bila kuulizwa anakwenda wapi.

Baba yake, mzee wa upande wa Mugutha, hakunitaka. Si kwa ubaya wowote. Alisikia kwamba napika.

"Amesema hawezi kumpa mtu wa mwiko binti yake," msichana aliniambia. "Amesema, kama ni kupika, nyumbani ana wake wawili tayari."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema aje akuone. Amekubali kuja Jumapili, mara moja tu. Usiponiaibisha, nitakushukuru."

Mara moja tu. Nikaona basi, nitampikia kitu ambacho hakuna mke wa Mugutha aliyewahi kukipika. Angekula kazi yangu, angeona ni kazi. Nikachagua kuku mkubwa kuliko wote. Wiki nzima nilifikiria unga, nikafikiria mafuta, nikafikiria hata kitambaa cha meza, ingawa meza sikuwa nayo. Kitu kimoja sikukifikiria, na utakiona sasa hivi.

Mzee alifika na fimbo na koti refu la rangi ya majivu, msichana nyuma yake. Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni kwa ajili ya harufu, nikawafukuza. Akaketi kwenye kiti changu cha pekee. Nikamletea maji ya kunawa, nikamletea roli sita kwenye sahani. Akaigeuza moja kama mtu anayenunua tochi. Akauma. Kraap!

"Haiya!" akasema. "Chakula hiki kinapiga kelele."

"Ndiyo, baba."

Akauma tena asikilize. Akaimaliza. Akachukua ya pili, akachukua ya tatu, na mimi nikasimama ukutani nikijiona tayari nimeoa. Msichana alikuwa ameenda kwenye jiko nje kuongeza nyingine. Akarudi macho yamemtoka, akanifinya mkono hadi leo naweza kukuonyesha mahali.

"Nimeona shingo kwenye sufuria," akaninong'oneza. "Umempa baba yangu kuku?"

Moyo ukaanguka mpaka kwenye soksi. Kwetu, wazee wa rika lake hawakula kuku. Ndege alikuwa wa kuwika tu. Mwanamume mzima aliyekula kuku aliitwa majina ambayo siwezi kuyataja hapa. Mimi nilijua hayo tangu kuzaliwa, lakini miaka yote ile katika jiko la memsabu kuku alikuwa nyama kama nyama nyingine, na nikasahau kabisa, kama mtu anavyosahau kofia iliyo kichwani mwake.

"Na hiyo ngozi ya nje?" akanong'ona.

"Ina mayai."

"Ngai wangu!" Mayai nayo hawakula.

Mzee alikuwa kwenye ya tano. "Mnasema nini huko?"

"Tunasema chai inakuja, baba," msichana akasema.

Akajifuta mikono. Uso wake ulikuwa umelainika, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Atiriri, sikiliza, kijana. Nilikuja hapa na neno moja mdomoni. Sasa nina lingine. Mtu anayeweza kumfanya mbuzi alainike hivi si mtu wa mchezo. Lakini kabla sijalisema, niambie, hiki ulichonipa ni kipande gani cha mbuzi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mbuzi akichinjwa, kuna kipande cha wazee, kuna cha vijana, kuna cha akina mama, na mgeni wa namna yake ukimpa kisicho chake umemtukana mbele ya ukoo. Nikafikiria niseme mbavu. Halafu atauliza mbavu za upande gani, na nani aligawa, na wazee gani walikuwepo. Nikafikiria paja. Ikaja mbaya zaidi. Kila kipande nilichokigusa kichwani kilikuwa na mwenyewe.

"Kifua," nikasema.

"Kifua cha mbuzi?"

Msichana akatazama sakafu.

"Cha kuku, baba."

Nusu ya roli ya sita ilikuwa bado mkononi mwake. Akaitazama. Nikasubiri aitupe, au anitupie. Akaiweka mdomoni, akatafuna taratibu, kraap, kraap, mpaka mwisho, akameza.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Ni sisi watatu tu."

"Nimekula mbuzi," akasema. "Umesikia, kijana?"

"Nimesikia, baba. Mbuzi."

"Na wewe?" akamwuliza binti yake.

"Mbuzi, baba. Mnono sana."

Akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Waite wazee wako, waje kwangu tuzungumze juu ya huyu msichana. Na mje na mbuzi. Awe na miguu minne. Nitahesabu."

Msichana akaziba mdomo kwa leso. Mimi nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, nafikiri mara tano. Nikamwambia angoje chai, nikamwambia basi nimsindikize hata mpaka barabarani. Akachukua fimbo yake, akapita katikati ya majirani waliokuwa wamerudi wakiuliza ni nini kinanukia hivyo, akashika njia ya kwenda kwake bila kugeuza shingo, na katika nyumba yangu hakukanyaga tena.