Filimbi na Kamba

Nimenunua kamba ya katani sokoni Jinja, na mvua imeilowesha njiani. Kesho nitawaonyesha wanafunzi wangu jinsi kamba inavyopanda na kushuka huku wimbi likienda mbele. Sauti ni tofauti: huisukuma hewa, ikabanana na kuachana, kuelekea kule kule inakokwenda.

Lakini harufu ya katani mbichi imenirudisha Mbale, chini ya mlima Wanale, kwenye nyumba za askari magereza.

Baba alituita watoto kwa filimbi, kama alivyowaita askari wake. Mdogo wangu wa kike hakuitikia hata siku moja.

"Huyu mtoto ana kichwa ngumu," baba alisema, na fimbo ikafuata.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Kamba ya kuanikia nguo ilitoka mlangoni kwetu hadi kwenye nguzo ambayo mdogo wangu alipenda kuiegemea. Nikiitikisa, wimbi lilikimbia kati ya mashati ya kaki mpaka kwake, naye aligeuka akicheka.

Jioni moja, mdogo wangu akiwa ameegemea nguzo yake, baba alipuliza filimbi mara tatu, kisha akaokota fimbo. Nilimshika mkono.

"Afande," nikasema, maana hata nyumbani tulimwita hivyo, "usimpige. Kwanza tikisa kamba."

Akatikisa. Mtoto akageuka.

Alipotupa mgongo tena, baba akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Mtoto hakutikisika. Fimbo ikamtoka baba mkononi. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaitikisa, akaitikisa tena, na mdogo wangu, akidhani ni mchezo, akacheka kila mara.