Kopo la Kwanza

Mikwaruzo haikuwa ya baba yangu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo linaniuma.

Baba alikuwa dereva wa kiwanda cha pamba hapa Mwanza tangu sijazaliwa. Kiwanda kilipouzwa, miaka ile ya tisini ambayo kila cha umma kiliuzwa, akaja meneja mpya, kijana ambaye hata shikamoo ilimshinda. Baba akaenda Kisesa kumzika shemeji yake. Nyuma yake mpwa wa meneja akalipeleka gari la kiwanda ziwani likaoshwe. Waoshaji wa kule sponji ikidondoka mchangani waliiokota wakaendelea kusugua. Gari la bluu iliyokoza likarudi boneti nzima ina michirizi.

Ijumaa meneja akamwambia, "Mzee, Jumatatu nalitaka halina alama hata moja. Hapo ndipo tutajua kama unabaki."

"Sawa, bosi," baba akajibu, akaja nalo nyumbani. Nyumbani Mirongo tulikuwa saba, na aliyekuwa na kazi ni yeye tu.

Kwa kuwa mimi binti yake ndiye niliyemaliza kidato cha nne, nilitumwa dukani kutafuta dawa ya mikwaruzo, nikasome maandishi ya makopo. Maduka yaliyokuwa matupu nikiwa mdogo sasa yalijaa makopo ya kila lugha. Nikachagua kubwa kuliko yote, lenye picha ya gari jekundu. Muuzaji akaapa kwamba dawa ile inaondoa kila kitu. Hakusema uongo.

Baba alichovya kidole, akajipaka kwenye ukucha wa dole gumba, akasugua. Ukucha ukapoteza mng'ao.

"Hii ina mchanga, mama. Ni ya fundi anayetaka kupaka rangi upya." Akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo mmoja. "Unaona ukucha haukwami? Mkwaruzo uko juu juu tu. Unaanza na polishi laini kuliko zote. Ikishindwa, ndiyo unapanda."

Nilirudi dukani. Muuzaji akakataa kulipokea kopo lililofunguliwa, nikamfokea mpaka watu wakajaa mlangoni, naye akacheka. Baba akatoka mwenyewe. Duka la nne ndipo alipopata kikopo kidogo cha dawa nyeupe, laini kama mafuta ya mtoto.

Jumapili hatukwenda kanisani, na mama alinuna kutwa. Tulilisogeza gari kivulini, maana rangi ikishika joto dawa inaganda. Baba alijaribu kwanza pembeni chini, pasipoonekana. Kisha fulana kuukuu ya pamba, viduara vidogo, mkono mwepesi, kipande kwa kipande. Kila nilipokandamiza alinishika mkono. Alasiri nilijiona uso ndani ya boneti, na nilikuwa nimekunja ndita.

Jumatatu nilimsindikiza. Meneja hakutoka. Katibu wake alipokea funguo dirishani, akatoa bahasha. Baba hakuwa na miwani, akanipa nisome. Ilikuwa barua ya kuachishwa kazi, na tarehe yake ilikuwa Jumatano. Jumatano, siku mbili kabla hajaambiwa asugue! Nikairudia mara tatu nikidhani nimekosea. Nyuma yetu mwanamume mmoja aliyetoka Nyegezi alikuwa analizunguka gari, anapapasa boneti, anamwambia mpwa wa meneja kwamba kwa rangi hii analinunua leo leo.

Nikaelewa. Nilitaka kupiga kelele ofisi nzima isikie. Baba alitoa leso, akafuta alama za vidole vyake kwenye kitasa cha mlango wa gari, akaikunja tena.

"Twende, mama."

"Baba, husemi kitu?"

"Gari limetakata. Kazi yangu nimemaliza."

Watu wakisikia habari hii humsifu kwa moyo wake. Wamsifu. Mimi nilirudi nyumbani nikalikuta lile kopo la kwanza chini ya kitanda, limejaa, na mpaka leo ninachojutia ni kwamba Jumapili ile hatukulitumia.